Niwafundishe wenzangu kujipima matiti, au niache?

"Daktari, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Muheza, na pia katibu wa kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana (VICOBA) chenye wanawake thelathini. Mwaka jana tulimzika mwenzetu kwa saratani ya titi. Alikaa na uvimbe zaidi ya mwaka mzima bila kumwambia mtu, mpaka ukapasuka na kuanza kutoa harufu. Baada ya msiba, wanakikundi wakaniomba niwafundishe kujipima matiti. Somo nimeshaliandaa. Sasa muuguzi mmoja ninayemheshimu sana kaniambia niache, eti wataalamu siku hizi hawashauri tena kujipima kwa sababu utafiti umeonyesha hakusaidii. Nimechanganyikiwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tunadanganywa? Na wenzangu wengine wanasema uvimbe ukiuchokonoa ndiyo unauamsha, na ukiguswa kisu saratani inasambaa, kwa hiyo heri kutojua. Mimi mwenyewe tangu msiba ule, hata nikiwa naoga naogopa kujishika. Nifundishe au nisifundishe? Kama ni kufundisha, nianzie wapi? Nilitaka kusahau: kuna mama mmoja wa miaka 52, chuchu yake ya kushoto inawasha na kuchubuka kama ukurutu, miezi sita sasa. Ananunua dawa ya kupaka, inapoa, halafu inarudi. Nimwambie abadilishe dawa?"

Dada yangu, nianze na hicho ulichotaka kukisahau, kwa kuwa ndicho kisichoweza kungoja. Huyo mama asibadilishe dawa. Aende hospitali wiki hii, na ikiwezekana nenda naye. Ukurutu wa kawaida mara nyingi hushika matiti yote mawili, au huanzia kwenye lile duara jeusi linalozunguka chuchu, na mwenye nao aghalabu ana ngozi ya namna hiyo hata kwingine mwilini. Mchubuko ulioanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, na usiosikia dawa kwa wiki mbili, unaweza kuwa ugonjwa wa Paget. Hiyo ni saratani ambayo seli zake hujitokeza kwenye ngozi ya chuchu, mara nyingi zikiwa zimepanda kupitia vijia vya maziwa. Dawa ya kupaka hutuliza wekundu na muwasho wa juujuu, ndiyo maana "inapoa, inarudi". Sisemi kwamba ana saratani. Nasema hakuna mtu anayeweza kujua kwa kutazama tu, hata mimi nikiwa naye chumba kimoja. Kinachohitajika ni kipande kidogo cha ngozi kikatwe kwa ganzi kikapimwe maabara, na titi lote lichunguzwe, hata kama hakuna donge linaloshikika.

Sasa tuje kwa muuguzi wako. Hakukudanganya, na usimnunie. Utafiti anaousema upo, tena ni mkubwa. Kati ya 1989 na 1991, huko Shanghai nchini China, watafiti waliwaandikisha wanawake 266,064 waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Viwanda viligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu ya wanawake walifundishwa kujipima, wakafanyishwa mazoezi kwa matiti ya bandia na kukumbushwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Nusu nyingine hawakufundishwa. Majibu yalitoka mwaka 2002, baada ya kuwafuatilia kwa takriban miaka kumi: waliofundishwa walikufa kwa saratani ya titi 135, wasiofundishwa 131. Yaani sawasawa. Tena waliofundishwa waligundua uvimbe mwingi zaidi usio saratani, wakakatwa zaidi vinyama, yaani vipande vidogo vya kupimwa maabara, na kupata hofu zaidi, bila faida ya ziada katika vifo. Utafiti mwingine uliofanyika Urusi nao haukupata tofauti ya vifo. Ndipo mwaka 2009 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga likasema madaktari wasiwafundishe wanawake kujipima kama njia ya uchunguzi.

Lakini tazama vizuri walikuwa wanalinganisha nini. Wale "wasiofundishwa" wa Shanghai hawakuwa wanawake wa kukaa na donge mwaka mzima wakilificha chini ya kanga. Walikuwa wafanyakazi wa mjini, na viwanda vyao vilikuwa na wahudumu wa afya wa papo hapo. Mwanamke akigusa kitu wakati wa kuoga, alikuwa na mtu wa kumwonyesha kesho yake asubuhi. Kwa hiyo swali lililojibiwa pale ni hili: mwanamke ambaye angekwenda hospitali hata hivyo, je, ukimwongezea zoezi la kila mwezi lenye hatua zake na ratiba yake, utampunguzia kifo? Jibu ni hapana, na nalikubali. Mwenzenu mliyemzika, hata hivyo, hakufa kwa kukosa zoezi la kila mwezi. Uvimbe wake aliujua. Vidole vyake vilifanya kazi yao. Kilichomkosesha maisha ni ule mwaka mmoja uliofuata.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wote wawili, muuguzi wako na somo lako. Fundisha. Ila somo lisiishie kwenye vidole.

Kwetu wagonjwa wengi wanafika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, titi limeshabadilika umbo au saratani imeshafika kwenye mifupa, ini au mapafu. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya titi mwaka 2021 liliweka malengo matatu: wagonjwa angalau 60 kati ya 100 wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, tangu mtu afike hospitali mara ya kwanza hadi kupata jibu kamili zisipite siku 60, na angalau 80 kati ya 100 wamalize matibabu waliyoandikiwa. Ukiyasoma malengo hayo kwa makini utaona kwamba mawili kati ya matatu yanahusu kinachotokea baada ya donge kuonekana. Kwenye kliniki nimezoea kumuuliza kila mgonjwa mpya, "Uliuona lini?" Ni nadra mtu kunijibu jana.

Usije ukadhani napuuza mkono. Nataka uelewe unagusa nini, maana mwalimu asiyejua kilichomo ndani hutisha watu bure. Titi lina vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa, na vijia vinavyoyaleta kwenye chuchu. Katikati yake pamejaa mafuta, na vyote hivyo vimeshikiliwa na nyuzi kama kamba zilizofungwa kati ya ngozi na misuli ya kifua. Kwa sababu hiyo titi zima la mwanamke mwenye afya halilingani kama mto wa pamba. Lina vijivimbe vyake, hasa upande wa juu kuelekea kwapani, ambako nyama za titi ni nyingi. Ni upande huohuo saratani nyingi huanzia. Kila mwezi homoni huviandaa vile vifuko kana kwamba mimba inakuja: maji huongezeka, titi hujaa, huuma, hushikika kama lina punje punje. Hedhi ikipita, hulegea. Ndiyo maana anayejipima siku mbili kabla ya hedhi atakuta "madonge" na usingizi utamruka. Wakati mzuri ni kama wiki moja tangu hedhi ianze. Aliyekoma hedhi achague tarehe yoyote rahisi kukumbuka, hata siku yenu ya kununua hisa.

Saratani huanza pale seli za vijia au vifuko hivyo zinapoacha kusikia amri ya kusimama, zikaendelea kugawanyika. Mara nyingi uvimbe unaofikia ukubwa wa harage umeshaishi mwilini miaka kadhaa. Hilo linaeleza mambo mawili. Kwanza, mkono una mpaka wake: hauwezi kugusa ugonjwa ulipokuwa mdogo kabisa, na hapo ndipo mamogramu, ile picha maalumu ya eksirei ya matiti, huwa na kazi, hasa kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69 mahali penye huduma hiyo. Pili, kukuta donge leo si kwamba ni dharura ya usiku huu. Mwanamke ana muda wa kupanga nauli na kuongea na mumewe. Ana wiki, hana miezi.

Na maumivu? Hili lifundishe mara tatu. Wanawake wengi husubiri donge liume ndipo walishughulikie, kwa sababu maradhi mengine tuliyoyazoea huuma: jipu linauma, jino linauma. Donge la saratani mwanzoni mara nyingi haliumi kabisa. Hukua taratibu bila usaha wala joto. Maumivu ya matiti yote mawili yanayokuja na kuondoka na hedhi mara nyingi ni homoni tu. Usifike mahali ukamwambia mtu "kama linauma basi si saratani", maana zipo zinazouma, lakini wafahamu kwamba kutouma hakumpi mtu kibali cha kukaa nyumbani.

Somo lenyewe sasa. Tafuta chumba chenye pazia, wawemo wanawake peke yao, wanaume na vijana wawe mbali. Asivue mtu mbele ya wenzake na msipimane. Huko si kufundisha, huko ni kumfukuza mwenye haya asirudi tena, na mwenye haya ndiye unayemtaka. Kanda unga wa ngano na mafuta, ugawe madonge kadhaa, ndani ya kila moja fukia kitu: harage, gololi ya watoto, kokoto dogo lenye kingo. Funga kila donge kwenye kitambaa chepesi. Mwanamke akitafuta kokoto ndani ya unga huo kwa dakika mbili, anajifunza kwa vidole kuliko kwa saa nzima ya maneno yako. Waonyeshe kwamba gololi huteleza ukiifuata, na kokoto hung'ang'ania. Uvimbe unaoitwa fibroadenoma, unaowapata sana wasichana na wanawake vijana na usio saratani, mara nyingi hushikika kama gololi. Saratani nyingi hushikika kama kokoto: ngumu, kingo hazieleweki, haisogei vizuri. Lakini palepale waambie mkono hautoi hukumu. Nimewahi kushika gololi iliyokuja kuwa saratani, na kokoto lililokuwa kovu la jipu la zamani la kunyonyesha.

Kwanza macho. Nyumbani, mbele ya kioo, mikono ikining'inia, kisha ikiinuliwa juu, kisha ikishikwa kiunoni na kukazwa. Anatafuta tofauti na jana yake, siyo tofauti na jirani. Titi moja kuwa kubwa kidogo kuliko lingine tangu usichana ni kawaida. Zile kamba nilizosema zikivutwa na uvimbe, ngozi hubonyea kama kishimo, na hubonyea zaidi mikono ikiinuka. Chuchu iliyokuwa imetoka nje maisha yote ikianza kuingia ndani, ni jambo. Ngozi ikivimba na vitundu vyake vikaonekana kama ganda la chungwa, maana yake njia za maji ya mwili chini ya ngozi zimezibwa. Huyo aende upesi. Halafu vidole: alale chali, mkono mmoja nyuma ya kichwa ili titi litandazike, na mkono mwingine utumie nyama za ndani za vidole vitatu vya kati, siyo ncha. Azungushe duara ndogo, kwanza akigusa kwa wepesi, kisha kwa nguvu kidogo, kisha mpaka ahisi mbavu, akienda juu na chini kama anayefagia ua bila kuruka mahali: toka kwenye mtulinga mpaka chini ya titi, toka katikati ya kifua mpaka kwapani. Kwapani ni lazima. Mitoki ya kwapa isiyouma na isiyopungua ni sababu ya kwenda hospitali hata kama titi liko safi. Asikamue chuchu kutafuta kitu. Majimaji yanayotoka yenyewe, upande mmoja, hasa yenye damu, ndiyo yanayotuhusu.

Mara moja kwa mwezi inatosha kwa anayependa kufanya hivyo. Asiyependa ratiba usimlazimishe wala usimtie hatia. Ayajue tu matiti yake anapooga na anapovaa, ili kitu kikibadilika akitambue. Katika hili ushahidi wa Shanghai unakupa ruhusa ya kutokuwa mkali. Anayejipima kila siku naye hapati faida. Anachopata ni wasiwasi, na vidole vilivyozoea mno havioni mabadiliko ya polepole.

Wenye watoto wachanga uwatenge dakika chache. Donge la anayenyonyesha mara nyingi ni maziwa yaliyoganda au jipu, na kila mtu atamwambia hivyo: mama mkwe, mkunga, muuza dawa. Kwa kawaida watakuwa sahihi. Lakini likitibiwa na lisiishe ndani ya wiki mbili, arudi, aombe altrasaundi, kile kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti. Nimewaona wanawake wa miaka thelathini na kitu waliopewa dozi tatu za antibiotiki mfululizo kwa "jipu" ambalo halikuwahi kutoa usaha.

Sasa yale ya mtaani. Kwamba uvimbe ukiguswa unaamka: si kweli. Saratani haijalala, na haisubiri mkono wako. Kwamba kisu husambaza: naelewa lilikotokea, na usiwacheke wanaoliamini. Wamemwona mtu anakwenda hospitali akitembea, anafanyiwa upasuaji, baada ya miezi michache anazikwa. Walichokiona ni cha kweli. Sababu ndiyo wameikosea. Mtu huyo alikwenda saratani ikiwa imeshasambaa, ila bado haijajionyesha, na upasuaji wa titi haufikii kilichoko kwenye ini. Sindano ya kuchukua kinyama haimgeuzi asiye na saratani kuwa nayo, wala haimpeleki hatua ya nne aliyekuwa hatua ya kwanza. Bila kinyama hakuna daktari mwaminifu anayeweza kukuanzishia dawa, kwa sababu saratani za titi si za aina moja. Maabara hupima kama seli zinalishwa na homoni au la. Zinazolishwa na homoni zina kidonge kama tamoksifeni, ambacho mgonjwa hunywa nyumbani kwake kwa miaka mitano au zaidi. Wengi hawajui hata kwamba kipo. Wanachokijua ni dripu na nywele kudondoka.

"Ukoo wetu hauna kansa" nalo utalisikia. Saratani za titi zinazotokana na vinasaba vya kurithi ni kama tano hadi kumi katika kila mia, na karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka arobaini. Kunyonyesha hupunguza hatari, hakuifuti. Simu au pesa kwenye sidiria hazisababishi saratani. Niliwahi kumtoa mama mmoja noti na shilingi za hisa kabla ya kumpima, tukacheka wote. Wanaume nao huugua, mmoja au pungufu katika kila wagonjwa mia, na huchelewa kuliko wanawake maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wana titi.

Nakuja kwenye sehemu ya somo ambayo nadhani hukuiandaa. Mwanamke amekuta donge. Anakwenda wapi, lini, na aseme nini? Kama humwonyeshi njia hiyo, umemfundisha kuogopa tu. Mwambie: uvimbe mpya ambao bado upo baada ya hedhi moja kupita, aende, aliyekoma hedhi asisubiri hata hiyo, na mwenye dalili za ngozi, chuchu au damu, naye asisubiri. Zahanati watamwandikia rufaa. Hospitali nyingi za wilaya sasa zina altrasaundi, na kwa aliye chini ya miaka arobaini hicho ndicho kipimo cha kuanzia, kwa kuwa nyama za titi la kijana zimeshonana na kwenye mamogramu hufunika mengi. Altrasaundi ikionyesha ni maji tupu, mara nyingi mambo yanaishia hapo. Ikionyesha kitu kigumu, mara nyingi kinafuata kinyama, kwa sindano nene kidogo na ganzi, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa ninyi wa Tanga, hospitali ya wilaya itawatuma Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo ama hospitali ya KCMC, Moshi, ama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwambie pia, na hili liandike kwa herufi kubwa: kipimo kimoja kikisema hakuna kitu, na donge bado liko mkononi mwake, donge ndilo linaloaminiwa. Arudi. Na kinyama kikishachukuliwa asiondoke bila kuuliza majibu yanatoka lini na anayafuata kwa nani. Vinyama vingi vina majibu yaliyokaa kwenye faili yakimsubiri mtu ambaye naye yuko nyumbani anasubiri kupigiwa simu.

Mwambie vilevile kwamba sehemu kubwa ya uvimbe wa matiti si saratani. Shirika la Afya Duniani linasema hadi tisa kati ya kumi. Kadiri umri unavyosogea ndivyo hesabu inavyopungua uzuri, kwa hiyo donge jipya la mwanamke wa miaka sitini usilibembeleze kwa takwimu hiyo. Na kama ndiyo saratani na imewahiwa, mara nyingi daktari anaweza kuondoa uvimbe na kuliacha titi, kisha mionzi ikafuata. Wengi hawaji kwa kuogopa kukatwa titi na kuachwa na mume. Kuchelewa ndiko kunakomlazimisha daktari kulikata lote.

Hapa kikundi chenu kina kitu ambacho hospitali haina. Mna mfuko wa jamii. Mnautumia kwa misiba na uzazi. Pendekeza kwenye mkutano kwamba mwanachama mwenye rufaa ya titi apewe nauli na gharama ya kipimo bila maswali mengi, na mwenzake mmoja aende naye. Nawaambia kwa uzoefu wa kukaa upande wa pili wa meza: anayekuja na mtu hurudi kwa majibu. Anayekuja peke yake mara nyingi hupotea kati ya dirisha la malipo na maabara.

Na muuguzi wako mwite awe mwenzako, maana kuna kazi inayomfaa kuliko mimi na wewe. Mumbai, India, kuanzia 1998 wanawake 151,538 wa miaka 35 hadi 64 walifuatiliwa kwa miaka ishirini. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili, raundi nne, na wahudumu wa kike waliofunzwa kwa muda mfupi. Hawakuwa madaktari. Waliopimwa waligundulika saratani ikiwa changa zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia thelathini. Kwa walio chini ya hapo tofauti haikuonekana. Majibu hayo yalitoka 2021. Kwa hiyo somo lako likifuatiwa na siku moja ambayo muuguzi anakuja na kuwapima wenye umri huo, mmoja mmoja, nyuma ya pazia, utakuwa umefanya jambo lenye ushahidi zaidi kuliko lile uliloliandaa.

Kuhusu hofu yako wewe. Uliyemzika alikuwa rafiki, na mkono wako unakumbuka. Usianze kwa kujilazimisha. Mwombe huyo muuguzi akupime mara ya kwanza; akikwambia "hapa ni pako hivi, na hapa ni hivi", utakuwa umepata mahali pa kuanzia, na mara ya pili utajigusa ukijua unachokigusa. Huwezi kufundisha vizuri kitu unachokikimbia bafuni, na wanakikundi wataliona hilo.

Jambo moja la mwisho, la kiutendaji tu. Somo likiisha usiwahi daladala. Kaa hapo nusu saa, kunja mkeka taratibu, osha vyombo. Ukiuliza mbele ya watu nani ana uvimbe, hakuna atakayenyoosha mkono. Mwenye nao atajifanya amesahau mtandio wake, atarudi.